Kidonda Kisichopona: Jinsi Vichocheo vya Ukuaji Vinavyosambaza Saratani ya Ngozi na Kuifanya Sugu kwa Dawa

Mkulima akijikata kidole kwa panga asubuhi, damu huganda baada ya dakika chache. Siku mbili tatu zikipita, kingo za jeraha huanza kusogeleana na nyama nyekundu huchipuka. Baada ya wiki mbili hivi, kinachobaki ni kovu dogo. Hakuna mtu aliyeziamuru seli za ngozi zianze kazi hiyo, wala aliyeziambia ziache. Mwili wenyewe ulizitumia ujumbe, na kazi ilipokwisha ujumbe ukakatika.

Ujumbe huo hubebwa na protini ndogo ziitwazo vichocheo vya ukuaji. Bila vichocheo hivyo hakuna kidonda ambacho kingepona. Lakini ndivyo hivyo hivyo ambavyo saratani ya ngozi huvitumia kukua, kusambaa hadi mapafuni au kwenye ubongo, na hata kukwepa dawa zinazotolewa kuimaliza. Makala haya yanaeleza jinsi hilo linavyotokea, na kwa nini kidonda cha ngozi ambacho hakijapona kwa wiki nne ni sababu ya kutosha ya kwenda kituo cha afya.

Si ugonjwa wa watu weupe pekee

Wengi huamini kwamba saratani ya ngozi ni ugonjwa wa Wazungu. Ni kweli kwamba melanini, rangi inayoifanya ngozi kuwa nyeusi, huzuia sehemu kubwa ya miale hatari ya jua. Hata hivyo, melanini haizuii kila kitu, na si kila saratani ya ngozi hutokana na jua. Aina tatu zinastahili kufahamika na kila mkazi.

Ya kwanza ni saratani ya seli bapa, inayoanzia katika tabaka la juu la ngozi. Ndiyo inayowaathiri zaidi watu wenye ualbino, ambao ngozi yao ina melanini kidogo au haina kabisa. Sensa ya mwaka 2019, ambayo ilikuwa ya kwanza nchini Kenya kuwahesabu, iliandikisha watu 9,729 wenye ualbino. Saratani hii pia huwapata watu wenye ngozi nyeusi, hasa juu ya kovu la zamani la moto au kidonda cha mguu kilichokaa miaka mingi. Mtoto aliyeangukia jiko la mafiga anaweza kupona, akakua na kuwa na watoto wake mwenyewe, kisha miaka 30 baadaye kovu lile lile likafunguka na kukataa kufunga.

Ya pili ni melanoma, saratani ya seli zinazotengeneza melanini. Kwa watu weusi, melanoma huonekana mara nyingi mahali ambapo jua halifiki sana: kwenye nyayo, kwenye viganja na chini ya kucha. Mwanamuziki Bob Marley wa Jamaika aligunduliwa kuwa na melanoma chini ya ukucha wa kidole cha mguu mwaka 1977. Awali ilidhaniwa kuwa jeraha la mpira. Saratani hiyo ilisambaa hadi kwenye mapafu na ubongo, naye akafariki Mei 11, 1981, akiwa na umri wa miaka 36.

Ya tatu ni saratani ya Kaposi, inayoanzia kwenye seli zinazotanda ndani ya mishipa ya damu na ya limfu. Husababishwa na aina fulani ya virusi, na huwapata hasa watu ambao kinga yao imedhoofishwa na virusi vya UKIMWI. Huanza kama mabaka ya rangi ya zambarau au nyeusi miguuni, usoni au ndani ya kinywa.

Ipo pia saratani ya seli za msingi za ngozi, ambayo hukua polepole na ni nadra sana kusambaa. Hata hiyo huhitaji kuondolewa, kwa sababu ikiachwa huendelea kula ngozi na nyama iliyo chini yake.

Ujumbe unavyofika kwenye seli

Vichocheo vya ukuaji vilianza kufahamika katika miaka ya 1950, kupitia kazi ya Rita Levi-Montalcini, mwanasayansi kutoka Italia, na Stanley Cohen wa Marekani. Walikuwa wakifanya utafiti pamoja katika mji wa St. Louis nchini Marekani. Cohen aliwadunga panya wachanga dawa iliyotokana na tezi za mate za panya wakubwa, akaona jambo la ajabu: watoto hao walifumbua macho siku kadhaa kabla ya wakati wa kawaida, na meno yao pia yaliota mapema. Kulikuwa na kitu kilichoiharakisha ngozi ya kope kukomaa. Kitu hicho kilikuja kujulikana kwa ufupi kama EGF, kichocheo cha ukuaji wa tabaka la juu la ngozi. Mwaka 1986 wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Tangu wakati huo vimegunduliwa vichocheo vingine vingi, na kila kimoja kina kazi yake. Kuna kinachoziita seli zinazotengeneza nyuzi za kovu. Kuna VEGF, kinachoifanya mishipa midogo ya damu ichipue kuelekea mahali penye upungufu wa hewa. Kuna HGF, kinachozifanya seli ziachane na wenzake na kuanza kuhama, jambo linalohitajika wakati ngozi mpya inapotambaa kufunika jeraha. Na kuna TGF-beta, ambacho pamoja na kazi nyingine huzituliza seli na kuzizuia zisizidi kugawanyika.

Kichocheo hakilazimiki kuingia ndani ya seli ili kifanye kazi yake. Juu ya ngozi ya seli kuna vipokezi, na kichocheo hukaa kwenye kipokezi chake kama ufunguo unavyoingia kwenye kufuli yake. Kipokezi kikishaguswa, ujumbe huanza safari kuelekea katikati ya seli, ukipitishwa kutoka protini moja hadi nyingine kama wanariadha wanavyopokezana kijiti. Mmoja wa wapokezanaji hao ni protini iitwayo BRAF, na anayepokea kutoka kwake huitwa MEK. Kijiti kikifika kwenye kiini cha seli, amri husomwa: gawanyika, hama, au endelea kuishi.

Katika ngozi yenye afya, mbio hizo zina mwisho. Kichocheo kinapokwisha, kipokezi hutulia na wapokezanaji hupumzika. Ndiyo maana kovu huacha kukua na kidole kilichokatwa hakigeuki kuwa donge.

Saratani inavyouteka ujumbe huo

Seli ya saratani haivumbui lugha mpya. Hutumia lugha ile ile ya mwili, ila haikubali kunyamaza. Hilo hutokea kwa njia tatu kuu.

Njia ya kwanza ni kuongeza vipokezi. Katika saratani nyingi za seli bapa, seli huwa na vipokezi vya EGF vingi kupita kiasi, kiasi kwamba hata kichocheo kidogo kinachopita karibu husikika kama kelele kubwa.

Njia ya pili ni kuharibika kwa mpokezanaji mmoja. Katika karibu nusu ya melanoma za ngozi zilizochunguzwa miongoni mwa watu weupe, jeni ya BRAF ina kasoro. Kasoro hiyo, ambayo watafiti waliitangaza mwaka 2002, huifanya BRAF iendelee kukimbia na kijiti hata kama hakuna aliyempa. Ni kama swichi ya taa iliyokwama: mtu akiibonyeza, haizimi. Katika melanoma za nyayo na kucha, kasoro hiyo ya BRAF si ya kawaida sana. Baadhi yake huwa na kasoro kwenye kipokezi kingine kiitwacho KIT. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mgonjwa, kwa sababu dawa inayolenga swichi moja haizimi nyingine.

Njia ya tatu ni seli kujitengenezea kichocheo chake yenyewe. Seli ya melanoma inaweza kumwaga nje kichocheo, kisha ikakipokea yenyewe na kujiamuru igawanyike. Katika saratani ya Kaposi, virusi huzisukuma seli zimwage VEGF kwa wingi, na ndiyo sababu mabaka yake hujaa mishipa ya damu na kuwa na rangi ya zambarau.

Mwaka 1986, mtaalamu wa Marekani Harold Dvorak aliufananisha uvimbe wa saratani na kidonda kisichopona. Ulinganisho huo unaeleza pia kinachotokea kwenye kovu la zamani la moto au kidonda sugu cha mguu. Kwa miaka mingi mwili huendelea kutuma vichocheo vya kuponya mahali hapo, na seli huendelea kugawanyika. Kila seli inapogawanyika, hunakili upya maelekezo ya jeni zake, na kila nakala ina nafasi ya kuwa na kosa. Makosa yakilimbikizana, seli moja huacha kuponya na kuanza kuwa saratani.

Jinsi inavyotoka mahali ilipoanzia

Saratani ya ngozi iliyobaki mahali ilipoanzia mara nyingi hutibika kwa kukatwa. Kinachoua zaidi ni kusambaa. Na katika kila hatua ya safari hiyo, vichocheo vya ukuaji vina mkono.

Kwanza, seli lazima iachane na majirani zake. Kwa kawaida seli inayotengeneza melanini hushikiliwa na seli nyingine za ngozi kwa protini zinazofanya kazi kama gundi. Ujumbe wa HGF na TGF-beta huilegeza gundi hiyo. Seli hubadilika umbo, ikawa ndefu na nyepesi kutambaa.

Pili, hutoboa sakafu. Chini ya tabaka la juu la ngozi kuna utando mwembamba unaolitenga na nyama iliyo chini. Seli za saratani, zikisaidiwa na seli jirani zinazotengeneza nyuzi za ngozi, humwaga vimeng'enya vinavyouyeyusha utando huo. Hapa ndipo unene wa melanoma unapokuwa na maana. Madaktari huupima kwa milimita. Ile isiyozidi milimita 1 kwa kawaida hutibika kwa upasuaji, na hatari huongezeka kadiri inavyozama ndani.

Tatu, hujitengenezea barabara. Uvimbe unaokua huhitaji chakula na hewa. VEGF huita mishipa mipya ya damu, na ndugu yake aitwaye VEGF-C huita mishipa ya limfu. Mishipa hiyo huleta chakula, lakini pia huwa njia ya kutokea. Kituo cha kwanza huwa mara nyingi tezi za limfu za kinenani, kwapani au shingoni. Ndiyo maana mtu mwenye kidonda kwenye unyayo anaweza kuona uvimbe kinenani, akadhani ni mtoki wa kawaida uliotokana na kujikwaa. Kutoka hapo seli huweza kufika kwenye mapafu, ini, mifupa na ubongo.

TGF-beta kina historia ya pekee katika safari hii. Mwanzoni huwa mlinzi, kwani huzizuia seli zisigawanyike ovyo. Lakini seli za saratani zikishajifunza kutoitii amri hiyo, kichocheo hicho hicho huzisaidia kuhama na huzifukuza seli za kinga zilizokuja kupambana nazo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa nini dawa hufanya kazi kisha ikashindwa

Baada ya wanasayansi kuielewa swichi ya BRAF, walitengeneza dawa za kuizima. Ya kwanza, vemurafenib, iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 2011. Matokeo ya mwanzo yaliwashangaza madaktari. Wagonjwa waliokuwa na uvimbe mwili mzima waliuona ukinywea ndani ya wiki chache. Lakini kwa wengi furaha hiyo haikudumu. Baada ya takribani nusu mwaka, saratani ilianza kukua tena huku mgonjwa akiendelea kumeza dawa zake bila kukosa.

Wakazi wa Kenya wanaijua picha hii. Barabara kuu ikifungwa, matatu hazibaki zimesimama hapo siku nzima. Hutafuta njia za panya. Seli za saratani hufanya vivyo hivyo. BRAF ikizibwa, baadhi ya seli huongeza vipokezi vya vichocheo vingine, na ujumbe wa kukua ukapitia huko. Nyingine hupata kasoro mpya mahali pengine katika mbio za kijiti. Nyingine hutengeneza BRAF nyingi mno kiasi cha kuizidi dawa nguvu.

Mwaka 2012 utafiti uliochapishwa na makundi mawili tofauti ulionyesha jambo jingine: usugu unaweza kutoka nje ya saratani yenyewe. Seli za kawaida zinazouzunguka uvimbe humwaga HGF, na kichocheo hicho huziamsha seli za melanoma kupitia kipokezi ambacho dawa haikukigusa. Hivyo jirani asiye mgonjwa anaweza, bila nia mbaya, kuiokoa saratani isife. Anafanya kazi aliyoumbiwa ya kusaidia seli zilizojeruhiwa, ila safari hii zilizojeruhiwa ni seli za saratani.

Usugu huu si sawa na ule wa dawa za malaria au za bakteria, ambao mara nyingi huhusishwa na dozi isiyokamilishwa. Mgonjwa wa saratani anaweza kufuata masharti yote na bado uvimbe ukarudi. Si kosa lake, wala si dalili kwamba amerogwa au kwamba dawa ya hospitali ni bandia. Sababu ni kwamba uvimbe mkubwa una mamilioni kwa mamilioni ya seli zisizofanana, na miongoni mwake huenda tayari zikawemo chache zenye njia ya kutorokea kabla ya kidonge cha kwanza kumezwa. Kadiri uvimbe ulivyo mdogo, ndivyo seli za aina hiyo zinavyokuwa chache. Uvimbe ulioondolewa wote kwa kisu hauna seli yoyote iliyobaki ya kuwa sugu.

Madaktari wanavyozifunga njia za panya

Jibu la kwanza limekuwa kufunga njia mbili kwa wakati mmoja. Tangu mwaka 2014, dawa ya kuzuia BRAF imekuwa ikiidhinishwa kutumika pamoja na dawa ya kuzuia MEK, mpokezanaji anayefuata. Mchanganyiko huo huchelewesha usugu kuliko dawa moja, ingawa kwa wagonjwa wengi hauumalizi kabisa.

Jibu la pili ni kuisaidia kinga ya mwili itambue saratani. Ugunduzi uliofungua njia hiyo uliwaletea James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani Tuzo ya Nobel ya mwaka 2018. Tiba ya kinga imewapa baadhi ya wagonjwa wa melanoma iliyosambaa miaka mingi ya maisha, na hutumika pia kwa saratani ya seli bapa iliyosambaa. Hata hapa vichocheo vya ukuaji huweka vikwazo: TGF-beta huweza kuzizuia seli za kinga zisiingie ndani ya uvimbe, na VEGF huharibu mpangilio wa mishipa ambayo seli hizo zingepitia.

Kwa saratani ya seli bapa iliyosambaa, ipo pia dawa inayoziba vipokezi vya EGF. Wengi wanaoitumia hutokwa na vipele usoni na kifuani. Vipele hivyo hutokea kwa sababu ngozi nzima hutegemea ujumbe huo huo. Vivyo hivyo, dawa zinazozuia VEGF huchelewesha kupona kwa majeraha, na madaktari huzisimamisha wiki kadhaa kabla ya upasuaji. Mgonjwa anayepewa dawa za aina hii anashauriwa kumweleza daktari au muuguzi yeyote anayetaka kumfanyia upasuaji, hata wa kung'oa jino.

Kwa saratani ya Kaposi, hatua ya kwanza ni dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Kinga ikirejea, baadhi ya mabaka hufifia yenyewe, na wengine huongezewa tibakemikali.

Dawa mpya zinazolenga vichocheo ni ghali na hazipatikani katika kila hospitali. Kwa mkazi wa kawaida, tiba iliyo bora na rahisi kufikiwa bado ni ile ya zamani: kukata saratani ingali ndogo. Pale isipoweza kukatwa yote, mionzi na tibakemikali husaidia.

Kisu hakiisambazi saratani

Kuna imani iliyoenea kwamba uvimbe ukiguswa na kisu cha daktari, saratani husambaa. Imani hii imewafanya watu wengi kukataa kuchukuliwa kipande cha nyama kwa uchunguzi. Kama ilivyoelezwa, saratani husambaa kwa ujumbe wake yenyewe, na safari hiyo huendelea kila siku iwe imeguswa au la. Imani hiyo imepata nguvu kwa sababu wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa, saratani ikiwa tayari imefika kwenye tezi. Wanapofariki baada ya upasuaji, kisu hulaumiwa kwa kosa la muda uliopotea.

Kwa upande mwingine, kukichoma kidonda kwa tindikali, kukikata kwa wembe nyumbani au kukipaka unga wa dawa usiojulikana ni hatari. Njia hizo huondoa sehemu ya juu inayoonekana na kuacha mizizi. Ngozi inaweza kufunga juu kwa muda na kumdanganya mgonjwa kuwa amepona, huku seli zilizo chini zikiendelea kuzama.

Dalili ambazo hazifai kupuuzwa

Mkazi anashauriwa kwenda kituo cha afya akiona mojawapo ya yafuatayo:

- Kidonda chochote cha ngozi ambacho hakijapona kwa wiki nne, hata kama hakiumi.
- Kovu la zamani la moto au kidonda sugu kinachofunguka, kuota nyama, kutoa damu au kunuka.
- Doa jeusi kwenye unyayo, kiganja au kidole linalopanuka, kubadilika rangi au kuwa na kingo zisizo sawa.
- Mstari mweusi kwenye ukucha unaoongezeka upana au kuingia kwenye ngozi iliyo kando ya ukucha.
- Kigaga kinachorudi kila mara usoni, masikioni, mdomoni au mikononi, hasa kwa mtu mwenye ualbino.
- Mabaka ya zambarau au meusi miguuni au ndani ya kinywa.
- Tezi iliyovimba kinenani, kwapani au shingoni isiyopungua, hasa ikiwa kuna kidonda au doa karibu.

Si kila doa ni saratani. Madoa mengi ni ya kawaida, na vidonda vingi huwa na sababu nyingine kama kisukari au mishipa dhaifu ya damu. Uchunguzi wa kipande cha nyama kwenye maabara ndio unaotoa jibu.

Hatua za kuchukua

Safari huanzia karibu na nyumbani. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba kwa nyumba wanaweza kuonyeshwa kidonda au doa na kumwelekeza mtu kwenye zahanati au kituo cha afya. Kutoka hapo mgonjwa hupewa barua ya rufaa kwenda hospitali ya kaunti. Anayehitaji matibabu zaidi hupelekwa katika hospitali kubwa kama Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta jijini Nairobi na Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi mjini Eldoret, au katika vituo vya saratani vya Mombasa, Nakuru na Garissa.

Wakazi wanahimizwa kujisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) kabla ya kuugua, kupitia nambari *147# au kwa msaada wa wahudumu katika kituo cha afya kilicho karibu. Mgonjwa anayepewa rufaa anafaa kuuliza mapema ni huduma zipi za saratani zinazogharamiwa na ni zipi atakazolipia mwenyewe. Anafaa pia kuhifadhi majibu yote ya maabara, kwa sababu aina ya saratani na unene wake ndivyo vinavyoamua tiba.

Watu wenye ualbino wanaweza kupata mafuta ya kujikinga na jua bila malipo kupitia mpango wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Wanashauriwa kuvaa kofia pana na nguo za mikono mirefu, kuepuka jua kali la kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na kuchunguzwa ngozi mara kwa mara. Shule zinaombwa kuwaruhusu wanafunzi wenye ualbino kuvaa kofia na mikono mirefu hata ikiwa si sehemu ya sare, na kutowasimamisha juani wakati wa gwaride na michezo.

Kwa wakazi wote, mafuta ya kujichubua yanafaa kuepukwa, kwa kuwa hupunguza melanini ambayo ndiyo ngao ya ngozi. Wakulima na wavuvi wanaotembea pekupeku wazitazame nyayo zao wanaponawa jioni. Asiyeweza kuziona amwombe mtu wa nyumbani amtazamie. Mtu mwenye kovu kubwa la moto alikague kila mwezi. Na aliyewahi kutibiwa saratani ya ngozi asiache kurudi kliniki kwa tarehe alizopewa hata akijihisi mzima, kwa maana saratani inayorudi ikigunduliwa mapema inaweza kukatwa tena.

Seli ya saratani huanza ikiwa moja, na huhitaji muda ili ipate vipokezi zaidi, mishipa zaidi na njia zaidi za kukwepa dawa. Muda huo ndio ambao mkazi anaweza kuinyima. Kidonda kilichoonyeshwa muuguzi katika wiki ya nne huweza kumalizwa kwa upasuaji mdogo, na mtu akarejea shambani au dukani kwake. Kidonda hicho hicho kikingoja mwaka mzima huenda kikahitaji dawa ambazo familia haiwezi kuzimudu, na ambazo saratani inaweza kujifunza kuzikwepa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.